Roki Isiyo na Gitaa, kwa Sikio la Ng'ambo

Bendi ya roki bila gitaa ni jambo ambalo wapigaji wengi wa hapa Unguja hawalikubali kirahisi. Nimelitaja mara kadhaa mbele ya vijana wa kinanda na gitaa pale Michenzani, na jawabu huwa lile lile: basi hiyo si roki. Lakini bendi hiyo ilikuwapo, ikarekodi, ikazunguka Marekani na Ulaya, na mpaka leo ina watu wanaoipenda kwa moyo wote. Jina lake Morphine. Ilianzishwa 1989 huko Cambridge, mji wa jimbo la Massachusetts uliotenganishwa na Boston kwa mto tu. Ilikuwa ya watu watatu. Mmoja akipiga besi yenye nyuzi mbili na kuimba, mmoja akipuliza saksofoni ya baritoni, mmoja akipiga ngoma. Wenyewe waliuita muziki wao roki ya chini. Waandishi wa muziki waliiweka kwenye roki mbadala yenye athari za jazi, na mimi sina ugomvi na hilo, ila naona haliwatoshi.

Naandika kuhusu bendi hii kwa sababu naamini sikio lililokulia kwenye harusi za Ng'ambo, mitaa ya mji wa Unguja iliyo nje ya Mji Mkongwe, linaielewa haraka kuliko sikio lililokulia London. Hilo ndilo nataka kulieleza hapa, na litachukua muda.

Kwanza jina, maana najua linaudhi. Morfini ni dawa ya maumivu inayotokana na afyuni, na kisiwa hiki kimezika vijana wengi kwa ajili ya unga, yaani heroini, ambao ni mtoto wa morfini. Kiongozi wa bendi, Mark Sandman, alieleza kuwa jina lilitokana na Morpheus, mungu wa ndoto wa Wagiriki wa kale. Sawa. Lakini mimi nimewaona watu wa mtaani kwetu wakiyeyuka barazani, na jina hili silipendi mpaka leo. Nalivumilia kwa sababu ya kilicho nyuma yake.

Sandman alizaliwa 1952 Newton, karibu na Boston. Hakuwa kijana aliyetoka skuli akaingia studio. Alifanya kazi za kila namna, ikiwamo kuendesha teksi usiku. Ndugu zake wawili wa kiume walitangulia mbele ya haki yeye akingali kijana, msiba ambao hakupenda kuuzungumza na waandishi. Katika miaka ya 1980 alikuwa kwenye bendi ya bluzi na roki iliyoitwa Treat Her Right, na hapo tayari alikuwa ameanza tabia yake ya kushuka chini: alipiga gitaa lililopitishwa kwenye kifaa cha kuishusha sauti mpaka ikakaribia besi. Mpiga ngoma wa bendi hiyo alikuwa Billy Conway. Shikeni jina hilo, litarudi.

Kisha akafanya jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote. Alichukua gitaa la besi, ambalo kwa kawaida lina nyuzi 4, akaanza kuzitoa. Alijaribu kubaki na uzi mmoja, baadaye akatulia kwenye nyuzi mbili. Na hakuzibana kwa ncha za vidole kama wapigaji wengine. Alivaa kibomba kidoleni akakitelezesha juu ya uzi, sauti ikapanda na kushuka bila kukatika. Baina ya noti na noti hamna ukuta, kuna mteremko.

Sasa nani asiyejua sauti hiyo hapa kwetu?

Katika kidumbak kuna sanduku. Kwa wasiolijua (na siku hizi nakutana na vijana wa mjini wasiolijua, jambo linaloniumiza) ni sanduku la mbao, zamani lilikuwa lile lililoletea majani ya chai madukani. Limelazwa kifudifudi, limetobolewa katikati, uzi mmoja umepitishwa kwenye tundu na kufungwa kwa ndani. Ncha ya pili ya uzi imefungwa kwenye fimbo. Mpigaji anaisimamisha fimbo kwenye ukingo wa sanduku, mkono mmoja unaivuta kuukaza uzi au unaiachia kuulegeza, mkono wa pili unadonoa. Hakuna alama inayokuonesha noti iko wapi. Noti iko sikioni mwako na kwenye bega lako. Ukivuta kidogo tu zaidi, umetoka nje ya wimbo na waimbaji wote wanageuka kukutazama.

Kidumbak ni taarab iliyotoka ukumbini ikaja uwanjani. Nyimbo nyingi ni zile zile, lakini badala ya ganuni, udi, nai, akordioni, selo na safu ya fidla, unabaki na fidla moja, sanduku, dumbak mbili, yaani ngoma ndogo za udongo, cherewa za kutikisa na mkwasa wa vijiti vya kugonga. Mwendo unaongezwa, maana watu hawakuja kukaa kwenye viti na kutoa tunzo kwa adabu, wamekuja kucheza. Vyama vikubwa vina heshima yao na mimi nawavulia kofia: Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958. Lakini wapigaji wengi wa vyama hivyo mikono yao ilikomaa kwenye kidumbak, kwenye vumbi, usiku wa harusi. Makame Faki, aliyeitwa Sauti ya Zege, alikuwa muimbaji na mpiga fidla wa Culture na papo hapo mtu wa kidumbak. Sauti yake haikuwa ya asali. Ilikuwa ya mkwaruzo na uzito, na mtu akiizoea hiyo hataishangaa sauti ya Sandman, ambayo nayo inakaa chini, inasema zaidi kuliko kuimba, na haijilazimishi kupanda.

Nina ami yangu aliyepiga sanduku katika harusi za Miembeni, Kikwajuni na Mwembetanga tangu ujana wake. Sasa miguu haimruhusu kusimama usiku kucha, lakini sikio lake ni lile lile. Siku moja nilimpelekea spika nyumbani, nikamwamkia, nikamwambia, "Ami, nataka unisikilizie kitu." Nikaweka albamu ya pili ya Morphine, Cure for Pain, ya 1993. Hakusema neno wimbo wa kwanza, wala wa pili. Kisha akaniambia:

"Huyu anapiga sanduku."

"La ami, hiyo besi ya umeme. Ina nyuzi mbili."

"Nyuzi mbili za nini? Anatumia mmoja." Akanyamaza, akasikiliza tena. "Na huyu wa pembe ndiye fidla yao. Msikilize. Yule akimaliza kusema, huyu anamjibu."

Nimesoma mengi yaliyoandikwa juu ya bendi hii, na sijaona mtu aliyelieleza jambo hili vizuri kama ami. Saksofoni katika Morphine haikai nyuma kupamba. Inamjibu muimbaji, inarudia maneno yake kwa sura nyingine, wakati mwingine inamtangulia kama inajua anachotaka kusema. Ndivyo fidla inavyofanya kwenye kidumbak. Muimbaji anaghani mshororo, fidla inaupokea na kuurudisha ukiwa umezungushwa. Kisha ami akauliza swali ambalo sikuwa na jawabu lake: "Mbona hawana cherewa?"

Mpulizaji huyo ni Dana Colley. Baritoni ni saksofoni kubwa, nzito, ya kuning'inia shingoni mpaka shingo iume, na katika bendi nyingi kazi yake ni kushikilia chini huku saksofoni ndogo zaidi, zile ziitwazo alto na tena, zikipata sifa. Colley aliitoa huko nyuma akaiweka mbele. Kuna nyakati jukwaani alipuliza saksofoni mbili kwa pamoja, baritoni na tena, zote mdomoni mwake, mkono mmoja kwenye kila moja. Aliyeifanya kazi hiyo ijulikane duniani kabla yake ni Rahsaan Roland Kirk, mpulizaji kipofu wa jazi wa Marekani aliyefariki 1977, ambaye aliweza kushika hata tatu kwa mara moja. Wapo waliodhani Kirk anafanya mazingaombwe. Msikilize Colley akifanya hivyo utaelewa kuwa si mchezo: bendi ya watu watatu ghafla ina safu ya pembe, na pembe mbili zile zinapumua kwa pumzi moja, kitu ambacho wapulizaji wawili hawawezi kukifikia.

Ngoma zina hadithi yao. Wa kwanza alikuwa Jerome Deupree, mtu wa mkono mwepesi, mwenye jazi kwenye vifundo. Anapiga pembeni ya pigo, anaacha mahali wazi, anakurudishia pigo ulipokwisha kulisahau. Alijitoa kwa sababu ya afya, na 1993 nafasi yake akaichukua yule Billy Conway wa Treat Her Right. Conway ni mzito zaidi na wa moja kwa moja zaidi. Mashabiki wanabishana nani bora. Mimi nipo upande wa Deupree, kwa sababu za mtu wa Unguja: katika kidumbak dumbak moja inashika njia na ya pili inazungumza, na Deupree peke yake alikuwa na dumbak zote mbili ndani yake. Lakini nakiri kuwa bila Conway bendi isingehimili miaka ile ya safari, kulala huku na kuamka kule, wakipiga karibu kila usiku.

Nirudi kwenye gitaa ambalo halipo, kwa sababu hapa pana jambo la kiufundi ambalo vijana wetu wanaorekodi wangelifaidi. Uzi mzito kabisa wa besi ya kawaida unatetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Noti ya chini kabisa ya baritoni ni mitetemo kama 65. Sauti ya mwanamume anayeimba chini haiko mbali juu ya hapo. Kwa hiyo besi, saksofoni na muimbaji wa Morphine wanakaa karibu karibu, ghorofa ya chini. Katika bendi ya kawaida ghorofa ya kati inajaa gitaa na kinanda, na muimbaji inambidi apande juu au apige kelele ili asikike. Ukiitoa gitaa, katikati panabaki wazi. Sandman hakuhitaji kupaza sauti. Anaweza kunong'ona na bado ukasikia mate yakigusa meno. Wanaodhani bendi ile ilipungukiwa kitu hawajakaa wakasikiliza uwazi ule unafanya kazi gani.

Ndiyo maana nawaomba sana: msiisikilize Morphine kwa spika ya simu. Spika ile haina uwezo wa kutoa sauti hizo za chini, itawapa mkwaruzo wa saksofoni na chembe za matoazi, na mtasema huyu bwana anatusifia nini. Tumieni spika ya maana, au angalau visikizio.

Na hiyo jazi? Kwa wazee wetu jazi ilikuwa dansi. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz: magitaa yanayofukuzana, tarumbeta na saksofoni, watu wawili wawili sakafuni. Jazi ya Morphine ni ya namna nyingine. Haimo kwenye mpangilio wa nyimbo, ambazo ni fupi na nyepesi kushika kama nyimbo za redioni. Imo katika namna watatu wale wanavyosikilizana. Hakuna anayekimbilia kujaza nafasi. Mmoja akisogea, wawili wanamsogelea. Pia imo kwenye uhuru wa Colley wa kuupinda wimbo usiku huu tofauti na alivyoupinda jana. Mtu aliyezoea bashraf, ule muziki wa vyombo vitupu unaofungua taarab, pale ganuni au udi unapopewa nafasi ya kutembea peke yake ndani ya maqam, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, kabla ya wengine kuingia, hatahitaji kufundishwa hilo.

Nitaje na noti zilizo baina ya noti. Kinanda hakina. Ukibonyeza, unapata hii au ile. Gitaa lenye vyuma shingoni nalo ni hivyo hivyo, labda uuvute uzi. Udi hauna vyuma, fidla haina, sanduku halina, na besi ya Sandman, kwa kutelezeshwa, vyuma vyake havikuwa na kazi. Nadhani hii ndiyo sababu kubwa kwa nini mtu wa hapa akiisikia besi ile mara ya kwanza hashtuki. Anaona inakwenda pale pale anapotarajia muimbaji wa taarab aende.

Habari za kampuni na mikataba nitazipita. Albamu ya kwanza, Good, ilitoka 1992. Cure for Pain ya 1993 ndiyo iliyowafikisha kwa watu, ikafuata Yes ya 1995. Kisha wakachukuliwa na kampuni kubwa, DreamWorks, na Like Swimming ikatoka 1997. Ina nyimbo nzuri. Kwangu ni dhaifu kuliko zilizotangulia, inajirudia.

Ya mwisho ndiyo ninayotaka tuizungumze, The Night. Sandman aliitengeneza kwa muda mrefu katika studio yake ya Cambridge iliyoitwa Hi-n-Dry. Ile sheria ya vyombo vitatu aliivunja yeye mwenyewe. Wapiga ngoma wote wawili wamo, Deupree na Conway. Kuna selo, kuna besi ya kusimama, kuna waimbaji wanawake wanaoitikia. Na kuna udi. Umepigwa na Brahim Fribgane, mzaliwa wa Morocco aliyekuwa akiishi Boston. Udi unapoingia, besi ya nyuzi mbili ikiwa chini yake na wanawake wakiitikia, mimi huwa sijui niko Cambridge au niko Vuga jirani na Culture. Mara ya kwanza nilisimamisha wimbo nikaurudisha nyuma kuhakikisha. Tangu mwanzo, alipoanza kutoa nyuzi, Sandman alikuwa akija upande wetu bila kujua, na kwenye albamu hii alikuwa amefika mlangoni.

Hakuisikia ikitoka. Tarehe 3 Julai 1999 bendi ilikuwa Italia, katika tamasha kwenye mji mdogo wa Palestrina, si mbali na Roma. Usiku wa joto. Akiwa jukwaani, katikati ya onyesho, moyo ukasimama akaanguka. Alikuwa na umri wa miaka 46. Morphine kama bendi ikaishia pale pale, na The Night ikatoka 2000 mwenyewe akiwa kaburini.

Najua watu hupenda kuigeuza ajali ya namna hii kuwa hekaya, kwamba msanii alikufa kifo alichostahili, juu ya jukwaa. Mimi siwezi. Mtu wa miaka 46 aliyekuwa ndiyo kwanza amefungua mlango mpya kwenye kazi yake, akaondoka mbele ya rafiki zake wawili waliokuwa hatua chache kutoka kwake. Mama yake alikuwa amekwisha kuzika wana wawili, akazika wa tatu. Hapo pana msiba, wala hapana cha kupamba.

Nawaheshimu zaidi waliobaki kwa walichokifanya baadaye. Colley na Conway hawakutafuta muimbaji wa kuigiza sauti ya marehemu. Walikusanya marafiki, wakaunda kundi kubwa lililoitwa Orchestra Morphine, wakazunguka na nyimbo za The Night ili watu wazisikie zikipigwa na walioshiriki kuzitengeneza. Ile Hi-n-Dry wakaiendeleza, wanamuziki wengine wakarekodi humo. Conway aliendelea kupiga ngoma na wengine mpaka alipofariki 2021 kwa saratani. Colley na Deupree baadaye wakaungana na mpiga gitaa Jeremy Lyons, aliyehama New Orleans baada ya kimbunga cha Katrina cha 2005, wakajiita Vapors of Morphine. Mjini Cambridge kuna makutano ya njia yaliyopewa jina la Mark Sandman.

Sasa nije nyumbani. Hapa kwetu ukitaja roki, jina linalojibu ni Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja 1946, na tangu 2019 ana makumbusho yake Shangani ambapo watalii wanapiga picha. Hakuna ubaya. Lakini roki ya Queen, bendi yake, inaruka juu, kwa sauti nyingi zilizopandana, na kijana wa Mwembeladu asiye na fedha za studio akiitazama anaona haifikiki. Ningependa kijana huyo ajue kuwa kuna roki nyingine iliyojengwa kwa kupunguza.

Maana tunakoelekea ni kwenye kuongeza tu. Harusi nyingi ninazokwenda sasa zina kinanda kimoja na spika ndefu kuliko mtu, na ndani ya kinanda mna kila kitu: fidla ya uongo, akordioni ya uongo, ngoma ya uongo, hata besi ya uongo. Sikatai kuwa watu wanafurahi. Wanawake wanacheza, tunzo zinatoka. Wala simlaumu mpiga kinanda, ana watoto wa kulisha na mwenye harusi anayetaka bei ya mtu mmoja badala ya watu sita. Lakini besi ya kinanda haitelezi. Inasimama hapa, kisha inasimama pale. Kila nikiisikia naona kuna kitu kimetolewa kwenye harusi bila mtu kuulizwa.

Na tunao vijana wa kufanya kinyume chake. Chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) cha hapa Unguja, kilichoanzishwa 2002, kimetoa wapigaji wanaosoma noti na papo hapo wanazijua maqam. Siti and the Band walitoka huko, na ganuni yao imekaa na besi na ngoma za kisasa bila kuona haya. Kila Februari tamasha la Sauti za Busara linaleta bendi za bara zima, na maandamano ya ufunguzi yanaongozwa na beni, pembe na ngoma zikipita barabarani kama zilivyopita harusi za babu zetu. Kwa hiyo pembe tunazo, uzi tunao, dumbak tunazo, na waimbaji hatujawahi kupungukiwa. Kinachokosekana ni mtu wa kusema: tuwe wachache, tukae chini, tuache nafasi wazi.

Vijana wanne wa mtaani kwetu wamelisema. Mmoja anapiga sanduku alilolitengeneza mwenyewe, ami akisimamia na kumkosoa kila hatua. Mmoja ana saksofoni ya tena ya kuazima. Wa tatu dumbak. Wa nne ni binti mwenye sauti nzito ambaye siku zote aliambiwa apande juu na sasa amekataa, anasema ataimba pale lilipo sanduku. Cherewa nazo zimo, kwa amri ya ami. Mwanzoni taabu yao kubwa ilikuwa maiki. Ukiitia ndani ya sanduku inapiga mluzi, ukiiweka nje inaokota dumbak na kuliacha sanduku. Tulichofanikiwa nacho ni kibati kidogo cha kunasa mtetemo, kile kinachobandikwa kwenye magitaa ya mbao, tulichokibandika kwa ndani karibu na tundu la uzi, na kitambaa kizito kikatandikwa chini ya sanduku lisitetemeshe sakafu. Ukiwasikia sasa, uzi ule mmoja unajaza chumba kizima.

Saksofoni hiyo ya tena inafaa, lakini haishuki wanapotaka. Wanahitaji baritoni, na baritoni mpya ni ghali kupita uwezo wa mtu yeyote ninayemjua. Nimesikia wazee wawili watatu wakisema kuwa zamani palikuwa na moja mjini, haikumbukwi ilikwenda wapi. Kama kuna msomaji, Unguja, Pemba, hata Dar au Mombasa, aliyeiona imelala kwenye ghala la bendi au juu ya kabati la mtu, aniandikie. Pedi zikiwa zimeliwa na panya si kitu, fundi yupo. Kinachotakiwa ni bomba lenyewe lisiwe limepasuka, na shingo yake iwepo.